Miguu ya Mkwe

Tupokigwe alikuwa ameolewa mwaka mzima na zaidi, na uso wa baba mkwe wake alikuwa hajauona. Sauti yake aliijua, maana mzee alikuwa na sauti ya kanisani, hata akiomba chumvi ungedhani anaita watu watubu. Mgongo wake pia aliujua kwa mbali, ndani ya koti jeusi. Lakini zaidi ya vyote aliijua miguu yake. Katika milima ile ya Ileje mke wa mwana humwogopa mkwe: wakikutana njiani mwanamke huchepuka, hujifunika nguo kichwani, huchuchumaa ameipa njia kisogo mpaka mkubwa apite. Hasemi naye, halitamki jina lake, hagusi kigoda chake wala mkeka wake wala nguo iliyoshika mwili wake. Mkwe naye hukohoa kwa mbali ili mtoto wa watu apate nafasi ya kujificha. Kitu pekee ambacho Tupokigwe aliweza kukitazama bila kosa ni nyayo zilizobaki udongoni mzee alipokwisha kupita, na alizitazama sana, kwa sababu binadamu lazima atazame kitu.

Mkwe huyo, Mzee Mbonile, alikuwa mzee wa kanisa. Misheni ilikwisha kuhubiri kwamba Mkristo hana sababu ya kumkimbia mkwewe, kwamba wote ni watoto wa Baba mmoja, na aliyesimama mbele kuyageuza mahubiri hayo kwa Kindali, neno kwa neno, alikuwa Mbonile mwenyewe. Aliyageuza vizuri mno, watu wakaitikia. Kisha akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kupitia migombani, ili asikutane na mkamwana. Usimcheke. Kuna mambo mtu huyakubali kwa kichwa, mwili ukayakataa.

Buti zilikuja mwaka wa tatu baada ya vita vya Hitler. Ipyana, mume wa Tupokigwe, alikuwa kwenye migodi ya shaba huko Rhodesia. Kama vijana wote wa milima ile alishuka Tunduma, akavuka mpaka, akapanda lori, na tangu hapo akawa mtu wa salamu. Buti zilikuwa za mgodini, nyeusi, ngozi ngumu, zenye chuma mbele. Kijana alizizungushia sweta jipya alilomnunulia mkewe, akazifunga kamba pamoja, akampa mtu aliyekuwa anarudi. Sweta la mke na viatu vya baba katika furushi moja! Kijana wa mgodini husahau upesi miiko ya kwao. Mama yake, Ruti, alilifungua furushi akacheka peke yake, akatenganisha vitu kabla hakijaonekana kioja, sweta huku, buti kule.

Mzee alizivaa siku ileile. Zilikuwa kubwa kidogo, lakini nani angemwambia? Alikuwa ametembea pekupeku tangu kuzaliwa, na nyayo zake zilikuwa ngumu kama kwato. Mwiba ukimchoma ndio unaovunjika. Akajiona, na wenzake wakamwona, kwamba mguu uliokwisha kukanyaga mawe na baridi na umande wa milima ile hauwezi kushindwa na ngozi ya ng'ombe aliyekufa. Soksi? Soksi zilikuwa mapambo ya bwana shauri na wachungaji, ndugu za tai ya shingoni. Hakuna aliyefikiri kwamba nyayo ndizo zilizokomaa, na kwamba ngozi ya juu ya kisigino na ya katikati ya vidole ilikuwa bado laini kama ya mtoto, haijawahi kusuguliwa na chochote.

Kule mvua ikianza haijui kukoma. Maji yaliingia butini asubuhi, yakashinda humo na mguu, jioni yakamwagwa, kesho yakaingia mengine. Baada ya majuma machache Ruti alikuja jikoni ameziba pua kwa ncha ya kanga, akamwambia mkamwana wake kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mzee akivua vile viatu vyake, hata mbuzi wanahama."

Wote wawili wakacheka. Lakini Tupokigwe hakucheka kwa raha. Tangu buti zije mzee hakuhitaji tena kukohoa. Zenyewe zilisikika tangu mbali, ko, ko, ko, na Tupokigwe alikuwa na muda wa kutosha kuingia kwenye mahindi. Siku hizo mlio ulikuwa umebadilika. Mguu mmoja uliita, wa pili ulijibu kwa kuchelewa. Na kwenye tope alama ya buti la kulia haikuwa na kisigino, mzee alikuwa anakanyagia vidole.

"Ana malengelenge, mama," alimwambia Ruti. "Kisigino cha kulia. Yamepasuka?"

Ruti akamtazama kwa mshangao. "Umeona wapi?"

"Sijaona. Nyayo zinasema."

Kabla ya kuolewa, kwao ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasaland, Tupokigwe alikuwa akifua bendeji katika hospitali ya misheni. Hakuwa muuguzi, asidanganye mtu, alikuwa mfuaji. Lakini mfuaji naye ana macho, na alikwisha kuona wanaume wakiletwa kutoka migodini na mashambani, miguu imeoza ndani ya viatu vizuri. Sista mmoja aliyewafundisha wasichana kufuma alikuwa akisema maneno yaleyale kila jioni: kiatu bila soksi hunywa jasho la mguu kisha humrudishia mwenyewe. Vaa soksi kavu, fua, badilisha, na jeraha dogo usilidharau.

Sufu haikuwepo. Tupokigwe akachukua sweta lake jipya, akalizungusha mikononi, akaifumua mikono yote miwili ya sweta. Kiwiliwili alikiacha. Baridi ya Ileje si ya mzaha, na lile lilikuwa ndilo joto pekee alilopata kwa mumewe tangu aondoke. Sindano alizitengeneza kwa spoki za baiskeli iliyokufa, akazisugua jiweni mpaka zikateleza. Alifuma jikoni, mlango umefungwa, na kila alipofika kisigino alikaza nyuzi mara mbili, maana alikijua kisigino kile kuliko mwenyewe.

Shida ilikuwa namna ya kuzifikisha. Kitu kilichotoka mikononi mwa mkamwana kikagusa ngozi ya mkwe, hilo halisemwi hata kwa mzaha. Ruti ndiye aliyelibeba. Alimwambia mumewe kwamba ametumiwa na Watson, yule mfanyabiashara wa Tunduma anayekuja kununua maharage, kwamba ni soksi za dukani, na kwamba Wazungu wote wenye buti huzivaa.

Mzee akazivaa. Usiku Ruti alimwosha kisigino kwa maji ya moto na chumvi, kama alivyoelekezwa jikoni, na asubuhi alimvalisha. Jioni alizitoa nje kisirisiri, Tupokigwe akazichemsha nyuma ya nyumba na kuzianika juu ya moto. Kabla mahindi hayajakomaa, mlio wa buti ulikuwa umerudi sawa. Ko, ko, ko. Tupokigwe akiwa amechuchumaa kwenye majani, nguo kichwani, alijikuta anatabasamu na ardhi. Jumapili moja mzee alisimama kanisani akazitaja soksi zile kwenye maombi ya shukrani, akamshukuru Mungu aliyewapa Wazungu akili ya mambo madogo. Ruti alikohoa mpaka akatoka nje.

Ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Lakini soksi zilikuwa jozi moja, na jozi moja hukosa kukauka siku za mvua kubwa. Tupokigwe alijua anapaswa kufuma nyingine. Alilichukua sweta lisilo na mikono, akalitazama, akalivaa tena. Badala yake akamwambia Ruti, "Mwambie apate jozi ya pili, za dukani kweli safari hii. Apumzishe hizi." Ruti akapeleka maneno, na mzee, aliyekuwa anajiandaa kwenda Tunduma kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, akasema vema, atapita mwenyewe kwa Watson.

Wanawake wale wawili wakatazamana. Ruti akasema, "Watson ana maneno mengi ya biashara, hatakumbuka kama alituma au hakutuma." Walitaka iwe hivyo, wakaiamini.

Yaliyotokea Tunduma aliyaleta Gwakisa, mzee mwenzake Mbonile, aliyekwenda naye na kurudi naye. Gwakisa alikuwa mtu mwema, lakini ulimi wake haukuwa na mlango. Alikaa uani kwa Ruti akasimulia yote, na Tupokigwe jikoni akasikia kila neno kupitia ukuta wa fito.

Walimkuta Watson barazani pa duka lake, watu wamejaa, wengine wa upande wa pili wa mpaka. Mbonile akanyanyua suruali kidogo, akaonyesha, akasema anataka nyingine kama hizi alizomtumia. Watson akainama, akaishika soksi kwa vidole viwili.

"Awe, batata," alisema, kwa Kibemba chake cha biashara. "Hapana, baba, hizi si zangu. Mimi sijauza soksi tangu mwaka jana. Hizi zimefumwa kwa mkono. Tazama kisigino hiki! Una mke fundi."

Mbonile akaishusha suruali. Hapo ndipo Gwakisa alipodhani anasaidia.

"Ruti?" akasema. "Ruti hata kikapu kinamshinda. Huyo atakuwa mkamwana wake, yule aliyekuwa hospitali. Wasichana wa kule wote wanafuma."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, Gwakisa aliapa. Walicheka kama watu wanavyocheka mkwe akifumaniwa na jambo la ukwe. Mbonile akaketi kwenye gunia la chumvi, akafungua kamba za buti mbele ya wote, akavua soksi moja, akavua ya pili, akaziweka juu ya meza ya Watson. Akavaa buti tena, miguu mitupu, akafunga kamba kwa nguvu. Kwenye mkutano wa wazee hakukanyaga. Waligeuza njia saa ileile, na mvua ikawashika kabla hawajafika mbali.

"Nilimwambia avue atembee pekupeku kama zamani," Gwakisa alisema. "Akasema, niingie kijijini nimebeba viatu mkononi, waulize kimenipata nini?"

Siku mbili za tope na mteremko, buti kubwa, maji ndani. Mlio aliousikia Tupokigwe jioni mzee aliporudi haukuwa mlio tena, ulikuwa mburuto. Aliingia kwenye mahindi, akachuchumaa, akajifunika. Hatua zikafika usawa wake, zikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mkwe wake alisimama nyuma ya mgongo wake na hakupita. Alisikia pumzi yake. Alisikia mvua ikilipiga koti. Kisha mburuto ukaendelea. Alipofunua macho, maji yaliyojaa kwenye alama ya kisigino cha kulia yalikuwa na wekundu ndani yake, na juu ya wekundu, kitu kama utando wa maziwa.

Alimwendea Ruti usiku uleule akamwambia jeraha lioshwe, lioshwe sasa, maji ya moto na chumvi, nguo safi, na kesho apelekwe hospitali. Ruti aliingia na beseni. Hakukaa hata kidogo akatoka nalo, maji hayajaguswa.

"Amesema nimetumwa," alisema. "Amesema kila nitakachofanya juu ya mguu wake kuanzia leo, nimetumwa na wewe."

Hapo ndipo Tupokigwe alipoelewa ukubwa wa jambo. Elimu yake yote ndogo, chumvi, maji ya moto, nguo safi, ilikuwa imeingia mwiko pamoja na soksi. Kama asingejua chochote, huenda mzee angeoshwa na mtu yeyote.

Kisigino kilivimba, kikapasuka, kikaanza kula pembeni. Wazee wa ukoo wakaja kukaa, na Gwakisa akiwamo. Hawakuwa watu wabaya, nami sitawapaka matope. Walikuwa watu waliotazama mambo kwa mpangilio walioujua. Mwiko ulivunjwa, halafu mguu ukaoza. Mguu uleule, mahali palepale ambapo mkono wa mkamwana ulikaza nyuzi. Wangehitaji ushahidi gani mwingine? Hakuna aliyehesabu kwamba mguu ulipona soksi zilipokuwepo na ukaoza zilipotoka. Wakasema Tupokigwe arudi kwao ng'ambo ya mto mpaka mzee apone. Akipona, atarudishwa. Asipopona, Ipyana ataandikiwa.

"Asipopona?" Tupokigwe aliuliza jikoni.

Ruti, aliyekuwa anamfungia viazi vya njiani, alivimwaga, akaanza kuviokota.

Asubuhi akiondoka, Tupokigwe alisikia sauti ya kanisani kutoka ndani ya nyumba kubwa, ikiongoza sala ya asubuhi kwa watu wa nyumbani. Ilikuwa bado na nguvu, ila ilikatika katikati ya maneno, kama mtu anayebeba mzigo akapumzika, akabeba tena. Alipita nje ya ukuta amejifunika. Alitamani kupiga kelele, baba, ni maji tu, ni uchafu tu, mimi sina sumu mikononi. Hakupiga. Wangesema na sauti yake nayo imeingia jeraha.

Kwao hakuwa na raha hata ya saa moja. Mama yake alimuuliza kosa, akasema soksi, na mama akadhani binti anaficha kosa lenyewe. Siku ya pili Tupokigwe alilivua sweta lisilo na mikono, akalifumua lote mpaka shingoni. Baridi ikamwingia mbavuni, akaona afadhali. Alifuma mchana kutwa mlangoni. Alijiambia kwamba angefanya hivi mwanzo, badala ya kuogopa baridi, mzee asingekwenda kwa Watson kuuliza. Lilikuwa wazo la kikatili, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba ni la uongo, maana halikuwa la uongo lote.

Mwezi uliandama na kufa, na siku moja alfajiri Gwakisa akatokea njiani, amelowa hadi kiunoni kwa kuvuka mto, anapunga fimbo kwa mbali.

"Mzee amepona!" alipaza sauti kabla ya salamu. "Ndaga, asante, Mungu mkubwa! Maumivu yameondoka yote. Amelala usiku mzima bila kulia. Amesema urudi, binti, na mambo yaishe. Anakuita mwanangu. Na anataka soksi, umesikia? Mwenyewe amesema, ziwe zimefumwa na yeye, Jumapili niende kanisani."

Mama yake Tupokigwe akapiga vigelegele. Tupokigwe naye alisimama na furaha ikampanda mpaka kooni, soksi mpya mkononi, uzi wa mwisho haujakatwa. Kisha akauliza, "Anatembea?"

"Bado. Lakini haumwi kabisa."

"Akiguswa?"

"Nakuambia haumwi! Ruti alimgusa kwa makaa bahati mbaya, hakushtuka hata kidogo. Hasikii kitu."

"Na rangi ya mguu?"

Gwakisa akacheka. "Rangi gani, binti? Mguu wa Mndali ni mweusi."

Furaha ikashuka mahali ilipotoka. Tupokigwe alikata uzi kwa meno, akafunga nguo, akatoka. Gwakisa alimwita mara nyingi njiani amngoje, yeye mzee, miguu yake si ya mbio. Hakumngoja. Mtoni alivuka bila kukunja nguo.

Harufu ilimpokea kabla ya mtu. Uani walikuwepo wanaume wachache wa ukoo, na machila ya kubebea mgonjwa, ya blanketi na mti, ilikuwa imeegeshwa ukutani, kavu, haijatumika. Ruti alikuja kumpokea. Alikuwa amekonda, na macho yake hayakutulia.

"Mliita machila," Tupokigwe alisema.

"Niliita mimi. Amekataa. Anasema mtu aliyepona haendi kukatwa." Akamshika mkono. "Nimewaambia ile harufu ni ya dawa ya majani. Nimewaambia hivyo kila siku, mwanangu. Ingia."

Ndani moto ulikuwa unafuka majani mabichi, na moshi haukusaidia. Mzee Mbonile alikuwa amelala chali kitandani, amejifunika blanketi mpaka juu ya kichwa, amelibana mwenyewe kwa mikono pande zote mbili ili lisimteleze. Chini, upande wa mlangoni, miguu yake ilikuwa nje.

"Amesema utazame miguu tu," Ruti alinong'ona.

Alikuwa ameifikiria njia hiyo peke yake, humo kitandani, na kwake ilikuwa njia ya haki: uso ubaki na ukwe wake, miguu ipewe anayeijua. Tupokigwe akapiga magoti. Mguu wa kushoto ulikuwa mguu wa mzee, wenye nyufa na vumbi la miaka. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa. Vidole vilikuwa vimenyauka, vyeusi kama kijinga cha moto kilichozimwa kwa maji, na weusi ule ulipanda kisigino, ukapita fundo, na juu yake ngozi ilikuwa imevimba, inang'aa hadi karibu na goti. Donda ndugu. Hospitalini aliiona miguu ya namna hiyo ikitoka chumba cha kukatia imefungwa kwenye shuka, na ilikuwa ikitoka mapema kuliko hivi. Ilipofika hivi, mara nyingi hawakukata.

Akamwinulia Ruti uso. Ruti alikuwa anajua, siku nyingi alijua. Alichokuwa anangoja ni mtu wa kujua pamoja naye. Akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Ruti, amekuja?" Sauti ilitoka chini ya blanketi, ndogo, ya homa, lakini bado ya kanisani.

"Amekuja."

"Mwambie mambo yamekwisha. Mwambie nilipopita pale mahindini siku ile nilitaka kumwambia neno, nikashindwa. Niliona haya." Akapumzika. "Mungu ameniondolea maumivu tangu Jumanne, sina cha kudai zaidi. Amekuja nazo?"

"Amekuja nazo."

"Mwambie basi anivalishe mwenyewe, yeye ndiye ajuaye. Aanze na huu ulionitesa. Nataka nione kama buti litaingia."

Tupokigwe alizitoa kifuani, zikiwa na joto la mwili wake. Angeweza kuwaita wanaume na machila. Wangembeba siku nzima kwa mvua, akipiga kelele kwamba amepona, na wangemfikisha kwa mtu wa kutikisa kichwa. Aliwaza hilo, akaliacha. Akaikunja soksi mpaka ncha, akaivika vidoleni. Vilikuwa baridi. Aliivuta polepole, akiinua mguu kwa kiganja, na ngozi ya kisigino ikasogea chini ya sufu, ikatengana, unyevu ukapenya kwenye nyuzi. Hakuacha. Alivuta juu ya fundo, akalainisha mikunjo kama alivyofundishwa, kwa sababu mkunjo huumiza, akaifikisha soksi chini ya goti, akaigeuza ukingo. Machozi yalimdondoka juu ya kazi yake. Akaushika mguu ule kwa mikono yote miwili, akaubana, kwa nguvu zaidi ya mtu anavyombana mgonjwa, na blanketi halikutikisika.

Wakakaa hivyo.

"Ruti," sauti ikasema, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto wa kigeni mlangoni. "Mbona anasita? Mwambie asiogope. Aanze."

Ruti akaikaza kanga mdomoni. Nje wanaume walikuwa wanasikiliza. Basi Tupokigwe, ambaye hajawahi kumtolea mkwewe neno hata moja, akajibu mwenyewe.

"Naanza, baba," akasema, na mguu ukabaki mikononi mwake.